Motokaa Inapokataa Kuwaka Ingali Moto

(Maneno haya yalisemwa na fundi mmoja wa motokaa mbele ya madereva, wenye magari na vijana wa gereji waliokutana Awasi, katika njia kuu ya Kisumu na Kericho. Tunayachapa kwa faida ya wasomaji wetu ambao hawakuweza kufika.)



Kabla sijaanza nawaomba mtazame motokaa ile nyeupe iliyo chini ya mti. Nimekuja nayo sasa hivi kutoka Kisumu bila kupumzika njiani, nimeizima, na boneti yake nimeiacha imefungwa. Tafadhali mtu ye yote asiifungue mpaka nitakapomaliza kusema. Sababu yake mtaijua baadaye.

Jambo nililoitwa kulieleza mnalijua nyote, maana limewapata wengi hapa hapa. Motokaa ya zamani huwaka vizuri asubuhi, mara moja tu ufunguo ukigeuzwa. Inakwenda safari yake bila neno. Dereva anasimama hapa Awasi kununua petroli au kunywa chai, kwa muda wa robo saa hivi. Akirudi anageuza ufunguo, na injini haiwaki. Anangoja saa nzima, abiria wamekwisha kasirika na wengine wamedai nauli zao, kisha injini inawaka kana kwamba haikuwa na ubaya wo wote. Akiifikisha kwa fundi, fundi haoni kitu, kwa kuwa ugonjwa umekwisha kwenda zake pamoja na joto. Basi hapo ndipo fundi anapoanza kubahatisha, na kubahatisha kwa fundi hulipwa na mwenye gari.

Nitaanza na kosa langu mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia mkulima mmoja wa miwa wa upande wa Muhoroni, mzee mwenye heshima zake. Gari lake lilikuwa dogo, la Kijapani, la miaka ya 1990, la namna ile isiyo na kabureta, ambayo petroli yake husukumwa na pampu ya umeme iliyomo ndani ya tangi. Akasema, "Fundi, gari hili linanitia aibu. Likiwa baridi ni kama paa, likiwa moto ni kama jiwe." Nikapima betri, nikaiona imezeeka, nikamwambia anunue nyingine. Akanunua. Baada ya juma moja akarudi, nikabadili plagi. Akarudi tena. Mara ya tatu nikamwambia kwa sauti ya mtu anayejua kwamba pampu ya petroli imechoka, ikipata joto inakwama. Pampu ni ghali. Mzee aliuza mbuzi wawili akaileta, nami nikaitia. Gari likaenda majuma mawili bila shida, kwa sababu yalikuwa majuma ya mvua na mawingu, nami nikajisifu.

Kisha, siku moja ya jua kali, mjukuu wake alishikwa na homa, akatetemeka mpaka macho yakageuka. Mzee akamlaza kiti cha nyuma pamoja na mama yake, wakashika njia ya hospitali Kisumu. Walipofika hapa alisimama kutia petroli, maana mshale ulikuwa chini kabisa. Dakika 10 tu. Aliporudi, stata ilizunguka kwa nguvu, lakini injini haikushika. Vijana wa hapa, labda wengine wenu mmo katika mkutano huu, waliisukuma njia nzima mpaka jasho likawatoka, wala haikufaa kitu. Mwisho mama mtu akambeba mtoto mgongoni, akasimama kando ya njia akipungia matatu, nazo zilikuwa zimejaa. Ilipita zaidi ya saa nzima. Mtoto alifika, akatibiwa, akapona, namshukuru Mungu. Lakini mzee alipokuja kwangu siku ya pili hakunitukana. Alisema tu, "Fundi, umebadili kila kitu ila kile kilichoharibika."

Neno hilo lilinichoma kuliko matusi. Nikaacha kazi zangu zote, nikaliendesha gari lile mpaka likawa moto, nikalizima juani, madirisha yote yamefungwa, nikangoja dakika 20 kwa saa. Kisha nikageuza ufunguo nusu, nikatega sikio. Katika magari mengi ya namna ile, ukifungua swichi kabla ya kupiga stata, pampu huvuma ndani ya tangi kwa sekunde 2 hivi, halafu hunyamaza. Siku ile ilikuwa kimya. Nikapiga kofi chini ya dashibodi, upande wa dereva, na pampu ikavuma! Nikaingiza mkono mle ndani, nikatoa kijisanduku kisichozidi kiberiti kwa ukubwa. Hicho ndicho kinachoitwa rilei. Nilipokifungua na kukitazama kwa kioo cha kukuza, niliona pale risasi ya kulehemu inaposhika mguu mmoja wa waya pamepasuka, mstari mwembamba mweusi kama unywele kuuzunguka mguu wote. Gari likiwa baridi ufa ule ulifumba na umeme ukapita. Joto likiingia, vyuma vilitanuka kila kimoja kwa kadiri yake, ufa ukafumbuka, na umeme ukakatika. Nikalehemu upya kwa kipande cha risasi kisichofika urefu wa ukucha wangu. Gari halikukataa tena. Ile pampu ya zamani ilikuwa nzima kabisa. Nilimrudishia mzee ujira wangu wote, na pampu yake nikampelekea aiweke akiba.

Sasa, rilei ni nini? Wale waliopata kuona wavuvi wa Dunga wakivuta mtumbwi nchi kavu wataelewa mara moja. Mmoja anapiga ukelele, na wengi wanavuta. Yule mpiga ukelele hatumii nguvu nyingi, lakini akinyamaza hapana mtu anayevuta. Ndani ya rilei mna waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Umeme kidogo ukipita humo, chuma chake huwa sumaku, nacho huvuta ulimi wa chuma na kuufungia pamoja njia ya umeme mkubwa. Utasikia sauti yake: tik. Katika rilei nyingi za motokaa umeme ule mdogo hauzidi sana sehemu ya tano ya ampea moja, hali ule mkubwa unaweza kufika ampea 30 au 40. Kwa hiyo swichi ya ufunguo haiungui, na waya mnene hauna haja ya kupita mpaka kwenye usukani na kurudi. Hapo kwanza kifaa hiki kilitumiwa katika simu za waya, kupokea ishara iliyochoka njiani na kuipeleka mbele ikiwa na nguvu mpya, na ndipo kilipopata jina lake.

Rilei nyingi zimeandikwa namba kwenye miguu yake. Namba 85 na 86 ni za umeme mdogo. Namba 30 ndiyo inayopokea umeme kutoka betri, na 87 ndiyo inayoupeleka kunakotakiwa. Mtu akizijua namba hizi nne, na akiwa na taa ya majaribio ya bei ndogo, hana haja ya kumwogopa fundi ye yote. Zile za Kijapani pengine hazina namba hizo, bali zimechorwa picha ubavuni, nayo picha hiyo yatosha kwa mwenye subira.

Natumaini swali lililo katika nia zenu ni hili: kwa nini ugonjwa huja baada ya kuzima, wala si wakati wa kwenda? Injini inapokwenda, maji yanazunguka na hewa inapita. Ukizima, vyote husimama, lakini chuma bado kina joto lake, nalo hupanda kwenda juu. Kwa robo saa ya kwanza, na pengine nusu saa, chini ya boneti huwa moto kuliko lilipokuwa gari likienda. Ongezeni jua la uwanda huu wa Kano wakati wa adhuhuri. Tena waya wa shaba ukipata joto hupitisha umeme kwa shida zaidi. Joto likizidi kwa nyuzi 60 za Sentigredi, shida hiyo huongezeka karibu robo nzima. Kwa gari jipya robo si kitu. Kwa gari la zamani, lenye nyaya zilizoliwa na kutu na swichi iliyochakaa, robo hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki.

Basi, ukiwa umesimama njiani na gari limekataa, usifungue spana. Jiulize kwanza neno moja: Je, stata inazunguka au haizunguki? Kwa maana hayo ni magonjwa mawili mbalimbali, na dawa ya moja haiponyi jingine. Nimeona watu wakibadili stata kwa gari ambalo stata yake inazunguka kama cherehani.

Iwapo haizunguki, washa taa kubwa za mbele, kisha mwambie mtu ageuze ufunguo. Taa zikizimika kabisa, betri imechoka au vichwa vyake vina kutu, visugue kwanza. Betri nzima iliyopumzika huonyesha volti 12.6 hivi katika mita, nayo wakati stata inazunguka haifai kushuka chini ya volti 9.6. Msisahau waya ule unaofunga injini na bodi. Watu husafisha vichwa vya betri mpaka vikang'aa, na waya ule umebaki nyuzi tatu tu chini ya matope. Ukipima kati ya kichwa hasi cha betri na chuma cha injini wakati stata inapigwa, mita isionyeshe zaidi ya nusu ya volti. Ikizidi, hapo ndipo umeme unapopotea.

Lakini taa zikibaki na mwanga wake na ukasikia tik peke yake, basi tazama stata. Ndani ya solenoidi ya stata nyingi za Kijapani mna vipande viwili vya shaba ambavyo huliwa pole pole kila unapowasha. Kuvibadili ni kazi ya asubuhi moja, wala hakuna haja ya kununua stata nzima. Na kama husikii cho chote, shuku ile njia ndefu: umeme hutoka betri, hupita swichi ya ufunguo, hurudi mpaka solenoidi kwa waya mwembamba. Likiwa moto, solenoidi inataka umeme mwingi na waya unaleta mchache. Hapa rilei ni dawa. Uchukue ule waya wa zamani wa stata uufunge katika 86, na 85 uifunge kwenye bodi. 30 itoke betri kwa waya mnene wenye fyuzi ya ampea 30, na 87 iende solenoidi. Nimefanya hivyo kwa Peugeot 504 kadha wa kadha za wazee, nazo huwaka zikiwa moto kama zikiwa baridi.

Kuna jambo baya ambalo sina budi kulisema hapa. Vijana wengi hulala chini ya gari na kuunganisha stata kwa bisibisi. Gari likiwa katika gea, injini hushika na gari huenda mbele na mtu yumo chini ya gurudumu. Asiwepo mtu wa kufanya hivyo pasipo kuangalia gea mwenyewe, kwa mkono wake, na kuweka mawe kwenye magurudumu. Msiamini neno la mwenye gari kwamba "iko huru."

Sasa ugonjwa wa pili, wa stata kuzunguka na injini kutowaka. Hapa inakosekana cheche au petroli, basi. Cheche hutazamwa kwa kuchomoa waya mmoja wa plagi, kuutia plagi nyingine na kuilaza juu ya chuma cha injini, mbali na petroli. Ikiwa hapana cheche, au ni nyekundu na dhaifu, na gari ni lile la platini, gusa koili na kondensa mawazo yako kwanza, maana vyote viwili hudanganya vikiwa baridi na kusema kweli vikiwa moto. Weka kitambaa chenye maji juu ya koili. Injini ikiwaka baada ya dakika chache, umekwisha kumjua mwizi. Katika magari mapya kidogo, kile kihisi kinachosoma mzunguko wa injini kinayo tabia hiyo hiyo.

Petroli nayo haichemki kama maji. Maji huchemka kwa nyuzi 96 hivi hapa usawa wa ziwa, ambao ni meta 1,134 juu ya bahari, na Kericho, kupita meta 2,000, huchemka mapema zaidi, kwa nyuzi 93 hivi. Lakini sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwa nyuzi 35 au 40 tu. Wazee watakumbuka kwamba katika miaka ya 1980 petroli yetu ilichanganywa na spiriti ya molasi iliyopikwa Muhoroni, na mchanganyiko wa namna ile hugeuka mvuke upesi zaidi. Katika gari la kabureta, petroli ikichemka humwagika ndani ya injini. Utasikia harufu yake. Hapo usipige kanyagio mara nyingi, unazidi kuzamisha. Likanyage mpaka chini, ulishike hapo hapo, upige stata mpaka hewa isafishe njia. Kama hakuna harufu, huenda mvuke umeziba pampu, basi uimwagie maji baridi taratibu juu ya kitambaa. Tena watazameni mafundi wanaofungua kabureta: kati yake na injini mna gasketi nene ya bakelaiti, inayozuia joto. Wengi huitupa, wakaweka karatasi. Peugeot 404 ilishinda mbio za Safari mwaka 1963, na tena 1966, 1967 na 1968, na 504 ikashinda 1975 na 1978, nami nina hakika hakuna aliyezikatia karatasi.

Na msimimine petroli kwa kifuniko cha chupa ndani ya kabureta huku mwingine akipiga stata. Mkono wangu huu wa kushoto mnauona ulivyo.

Narudi kwa rilei, kwa kuwa ndiyo iliyoniaibisha. Iwapo gari lako lina pampu ya umeme na husikii ule mvumo wa sekunde 2, tafuta rilei yake. Tazama fyuzi kwanza. Kisha, ikiwa rilei ya honi ni ya namna ile ile, yenye miguu ile ile na picha ile ile, zibadilishane. Injini ikiwaka na honi ikinyamaza, kazi imekwisha. Wala kusikia tik si ushahidi wa kutosha. Rilei yaweza kulia na ulimi wake umeungua, haupitishi kitu. Taa ya majaribio iwekwe kwenye 87, nayo ndiyo itakayosema kweli. Wanaoishi karibu na mto Nyando wanajua mafuriko. Gari lililopita majini huota kutu ya kijani katika miguu ya rilei miezi mingi baadaye, wakati mwenyewe amekwisha kusahau maji. Ukilehemu, tumia kikulehemu kidogo cha umeme na risasi yenye utomvu ndani yake, wala usitumie ile asidi ya kuzibia rejeta, maana italila bamba lote.

Mafundi wengine, wakiona rilei imekufa, hutoa waya moja kwa moja kutoka betri mpaka pampu, na gari likaenda, na mwenye gari akafurahi. Mabwana, huo ni mtego. Katika magari haya rilei ya pampu huamriwa kukata umeme injini inaposimama. Gari likigongwa na injini ikazimika, pampu nayo hunyamaza. Waya ule wa fundi haujui kitu. Utazidi kusukuma petroli juu ya vyuma vya moto na watu wamebanwa ndani. Kama mlifungiwa waya huo ili mfike nyumbani, fungueni kesho yake asubuhi.

Mtu mmoja aliniuliza kama si afadhali kuyatupa magari ya zamani. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho hapo juu mwaka 1932 akakua katika kazi ya ufundi, alishinda mbio za Safari mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant, katika Volvo iliyokuwa imekwisha kutumika katika mbio kabla ya kufika mikononi mwao. Walikuwako wenye magari mapya siku hiyo.

Sasa natazama saa yangu, na dakika 20 zimekwisha pita. Motokaa ile chini ya mti imeiva. Nami kabla ya kutoka Kisumu nilibeba rilei moja mbovu mfukoni, na nilipofika hapa nimeitia ndani yake. Sisemi ni ipi. Kijana, wewe mwenye shati la buluu, chukua taa hii ya majaribio. Wengine simameni mzunguko ili wazee waone. Ufunguo huu hapa. Usiguse betri, usiguse spana, kwanza tuambie kwa sauti: stata inazunguka, au haizunguki?